Mshonaji nami nimechomwa: biopsi ya figo hapa Lubumbashi

Nashona nguo hapa Kamalondo tangu 1998. Sindano hainitishi. Imenitoboa vidole mara zisizohesabika, na moja ilivunjikia ndani ya kucha nikaing'oa mwenyewe kwa koleo. Lakini siku daktari aliponiambia anataka kunichoma sindano mgongoni, ifike kwenye figo, ikate kipande na kutoka nacho, nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena kwa Kiswahili kitupu, maana nusu alikuwa amesema kwa Kifaransa.

"Mama, njo vile," akasema. "Tunakata kadogo tu, kembamba kama uzi."

Kama uzi. Hapo akanipata.

Naandika haya kwa ajili ya wenye sukari ambao wameandikiwa biopsi na hawajui wamwulize nani. Mimi nilipotafuta mtu wa mji huu aliyefanyiwa, anieleze, nilimpata shemeji yangu tu, ambaye hajawahi kukatwa hata jipu, lakini alikuwa na hakika kwamba figo likitobolewa linakauka, na kwamba kipande wanachotoa kinauzwa. Jina la hospitali siliandiki. Nina ya kuwasifu na ya kuwalaumu, na bado narudi kwao.

Sukari yangu ilijulikana 2019, siku niliyokwenda kupima malaria. Nikapewa vidonge, nikaacha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, nikapunguza bukari, yaani ugali, maisha yakaendelea. Mwezi wa tano 2024 viatu vikaanza kunikataa. Asubuhi uso umevimba kama wa mtu aliyelia msibani, jioni uvimbe umeshuka kwenye vifundo vya miguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo ulikuwa na povu lisilokwisha, utadhani kuna mtu amemwaga sabuni humo.

Daktari wa kwanza, wa dispensari ya karibu, alitazama karatasi ya mkojo kuliko alivyonitazama mimi. "Ni sukari, mama. Imefika kwenye mafigo." Akaniandikia vidonge vya kukojoza, akaniambia niache munkoyo. Munkoyo ambao sijauonja miaka mitano! Sikumbishia.

Baadaye nimejua kwamba kwa wagonjwa wengi angekuwa amesema kweli. Mtu aliyekaa na sukari miaka kumi au kumi na mitano, macho yake yameshaguswa, na protini kwenye mkojo imepanda polepole mwaka hadi mwaka, huyo hahitaji kuchomwa sindano ili aambiwe ni sukari. Wanamtibu hivyo hivyo, na wana haki. Kosa la yule daktari ni kwamba hakuuliza kama mimi ni huyo.

Binti yangu anasomea uuguzi. Ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa mafigo, mwezi wa kumi, jakaranda zimechanua barabarani na mimi siwezi kufunga viatu. Huyu aliuliza. Sukari ina miaka mingapi? Mkojo wa mwaka jana ulikuwaje? Macho yamepimwa? Ya mwisho hayakuwa yamepimwa kamwe, kwa hiyo nikatumwa kwanza kwa daktari wa macho, nikatiwa matone, mboni zikapanuka, nikarudi nyumbani ndani ya teksi nimejifunika kitenge kichwani kama mtu aliyekimbia deni. Jibu: nyuma ya jicho safi, hakuna alama ya sukari hata moja.

Mkojo wa saa 24 nao ulitoa gramu 5.2 za protini. Ukivuka gramu 3.5 tayari unahesabiwa kwamba unapoteza nyingi mno, na mwishoni mwa 2023 karatasi yangu ilikuwa imeandikwa "kidogo sana". Kreatinini, ile taka ya damuni inayopanda figo likidhoofika: 1.4. Halafu katika vipimo vya damu kikatokea kitu ambacho sikukitarajia: hepatiti B, virusi vya ini, ipo.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia sasa tuna watuhumiwa wawili. Sukari inaharibu mafigo, kila mtu anajua. Lakini virusi vya hepatiti B navyo vinaweza kuuharibu ukuta wa vichujio vya figo, mpaka protini ivuje kama maji kwenye ndoo ya bati iliyotoboka, na ugonjwa huo unatibiwa kwa dawa ya virusi, si kwa kupunguza bukari. Na macho yangu, na haraka ile ya protini, vyote vilikuwa vinasema sukari huenda haiko peke yake.

Shemeji, ambaye alikuwa amejipeleka mwenyewe kwenye ile miadi, akauliza swali ambalo nakiri lilikuwa zuri: kwa nini usimpe dawa za yote mawili, yaishe? Daktari akajibu kwamba kuna na mtuhumiwa wa tatu ambaye hatujamwona. Yapo magonjwa mengine ya figo yanayotibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hiyo ukimpa mtu mwenye sukari, sukari inapaa; ukimpa mwenye hepatiti B bila kujipanga, unaweza kuviamsha virusi vilivyolala. Kubahatisha kuna bei yake. Shemeji akanyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu harusi yangu.

Nikauliza na mimi: ina maana wote wanaoambiwa "ni sukari" wanadanganywa? Akanieleza kuhusu Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako walipitia biopsi za mwaka 2011 za watu 620 wenye sukari. Kati ya kila 100, watu 37 figo lao lilikuwa na madhara ya sukari peke yake. 36 lilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. 27 walikuwa na yote mawili. Kisha akanikanya: hao si wenye sukari wote, ni wale ambao madaktari wao walishaingiwa na wasiwasi. Hilo nililielewa upesi kuliko yeye alivyodhani. Ukihesabu nguo zilizo kwenye kibanda changu, utasema Lubumbashi nzima inavaa nguo zilizochanika.

Kwa maelezo hayo nampa nyota tano, na ningempa ya sita. Alichukua dakika arobaini, na foleni nje ilikuwa ndefu.

Kuanzia hapo nyota zinaanza kudondoka.

Maandalizi kwanza. Nilikuwa nakunywa aspirini kila siku. Niliambiwa niiache siku saba kabla, maana inazuia damu kuganda. Vizuri. Damu ilipimwa kama inaganda, presha ikatakiwa iwe chini ya 140 kwa 90. Vizuri. Nikaambiwa nije na ndugu wa kundi langu la damu, akae karibu, kama itahitajika. Kaka yangu alikaa chini ya mwembe wa hospitali siku nzima akila karanga, Mungu ambariki. Halafu mtu wa mapokezi akaniambia: usile kitu tangu jioni. Akaishia hapo. Hakuna aliyeniambia nifanye nini na vidonge vyangu vya sukari.

Nilikunywa glibenklamidi yangu saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, tumbo tupu. Saa tano bado niko kwenye benchi. Jasho likaanza kunitoka, mikono ikatetemeka nisingeweza hata kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, na binti yangu akaona nimeanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Wakanipima sukari: 54, imeshuka mno. Nikapewa maji ya sukari, mimi, mwenye sukari, katika chumba cha kusubiri kupimwa madhara ya sukari. Biopsi ikaahirishwa wiki mbili. Daktari mwenyewe alikasirika kuliko mimi. Alisema figo likidhoofika glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na kwamba kwa ganzi ya sehemu moja tu kama hii hakuwa hata na haja ya kuninyima chai na mkate. Basi ukiandikiwa siku, uliza swali hili moja, mdomo wazi: vidonge vyangu vya sukari na insulini yangu, siku hiyo nifanyeje? Usikubali jibu la mtu wa mapokezi.

Jambo la pili ni sindano. Wao hawana, unaandikiwa ukanunue mjini. Karatasi iliandikwa namba 16. Nilizunguka famasi tatu. Ya kwanza hawakujua ninasema nini, ya pili walikuwa na namba 18 tu wakaniambia ni kubwa zaidi, chukua. Hapo fundi nguo akawapatia somo. Kwenye cherehani namba ikipanda, sindano inanenepa. Hospitali ni kinyume: 18 ni nyembamba kuliko 16. Nilikuwa nimeshaelezwa na binti yangu, la sivyo ningeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikaipata ya 16 famasi ya tatu, dola 45, imefungwa vizuri, tarehe haijapita. Unene wake hauzidi milimita mbili. Nikaipima kwa macho nikaona nimewahi kutumia sindano ya kushonea magunia iliyonenepa kuliko hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ya kwanza kubwa. Kabla ya kuanza nikasomewa karatasi ya kukubali. Iko kwa Kifaransa, lakini daktari aliipitia kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Damu ya kuonekana kwenye mkojo: watu watatu au wanne katika 100. Kuongezewa damu: mmoja au wawili katika 100. Mara chache sana inabidi mshipa unaovuja uzibwe. Kufa: chini ya mmoja katika 1,000. Nikasaini. Mkono ulitetemeka kidogo, na safari hii sukari ilikuwa 138.

Unalala kifudifudi, shuka lililokunjwa linawekwa chini ya tumbo ili figo lisogee karibu na mgongo. Jeli ya ekografi, ile mashine inayoonyesha viungo vya ndani, ilikuwa baridi kama bia ya harusi. Akalitafuta figo la kushoto, ncha yake ya chini, ambako hakuna mishipa mikubwa ya damu, akachora alama mgongoni kwa kalamu. Nikamwambia mimi natumia chaki. Akacheka, na nilifurahi amecheka kabla ya kushika sindano na si baadaye.

Ganzi inaunguza kama pilipili kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha panakufa. Baada ya hapo unaambiwa vuta pumzi, ishike. Ni lazima, kwa sababu figo linapanda na kushuka kila unapopumua, na fundi hakati kitambaa kinachopepea. Nikaishika. *Tak!* Ni sauti ya stepla kubwa ya ofisini. Mshtuko wangu ulikuwa wa sauti ile. Maumivu hayakuwapo, ila kitu kama mtu amenisukuma kwa ngumi kutoka ndani. Mara tatu hivyo. Ya pili ilitoka na mafuta matupu, ndiyo maana ikawa tatu. Alinionyesha kwenye kitambaa chenye maji ya chumvi: vinyuzi vyenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi, rangi ya waridi iliyopauka. Huo ndio ukubwa wa kitu kilichonikosesha usingizi mwezi mzima.

Muda wote huo, kuanzia kuvuliwa mpaka kufungwa bandeji, labda dakika ishirini na tano. Kazi ya mikono: nyota tano. Mimi nawajua watu wenye mkono, na yule anao.

Chumba sasa. Chumba kina dirisha linalotazama korido, na dirisha halina pazia. Nina miaka 52, nina wajukuu, na nililala mgongo wazi mpaka kiunoni huku watu wakipita na mabeseni yao ya chakula. Binti yangu ndiye aliyesimama ameshika kitenge kwa mikono miwili kuziba kioo. Nikamwuliza muuguzi pazia liko wapi. "Lilifuliwa, mama." Lini? "Mwaka jana."

Baada ya hapo kuna saa sita za kulala chali bila kuinuka, hata kwenda kukojoa. Hizo ndizo zilizonishinda kuliko sindano. Mgongo unauma kwa kulala, si kwa kutobolewa. Binti akaniburudisha kwa hadithi za darasani kwake: kwamba mwaka 1951 huko Copenhagen, Poul Iversen na Claus Brun waliandika jinsi walivyotoa vipande vya figo kwa sindano ya kufyonza, mgonjwa amekaa; na mwaka 1954 huko Chicago, Robert Kark na Robert Muehrcke wakaja na mtindo wa kumlaza mgonjwa kifudifudi, kama nilivyolazwa mimi. Wakati huo ekografi haikuwapo. Nikafikiria hao wagonjwa wa Copenhagen, wameketi kama wanaosubiri kusukwa nywele, na nikaacha kulalamika kwa nusu saa nzima.

Kila mkojo unawekwa kwenye kichupa chake cha plastiki angavu, vinapangwa dirishani kwa zamu. Cha kwanza kilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuzia kitenge kipya chekundu. Nikaogopa. Cha pili kikafifia. Cha tatu, kawaida. Nimependa sana utaratibu huu: hata shemeji aliweza kuusoma. Presha walinipima kila robo saa kwa saa ya kwanza, halafu kila nusu saa, halafu kila saa. Mpaka zamu ya usiku ilipoingia. Kuanzia saa tano za usiku hadi saa kumi alfajiri hakuna mtu aliyefungua mlango. Umeme ulikatika katikati, mvua inapiga bati, na binti yangu alinipima kwa mashine yake mwenyewe akitumia tochi ya simu. Kutokwa damu kukubwa, kama kutakuwapo, mara nyingi hujitokeza ndani ya saa hizo za kwanza, kwa hiyo usiku huo si wakati wa wauguzi kulala. Kwa usiku nawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya godoro.

Asubuhi niliruhusiwa. Wiki mbili bila kubeba ndoo, bila kukanyaga cherehani ya miguu. Wateja wa Krismasi walinielewa, wengine kwa shingo upande.

Halafu vichupa viwili vya vile vipande vya figo. Hapa msomaji wangu fungua macho, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri ya daktari inaweza kupotea bure. Vipande vyangu viligawanywa. Vingine vilitiwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, hivyo hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini ya kawaida. Kingine kilitiwa kwenye maji maalumu, kwa sababu kuna kipimo cha kung'arisha chembe za kinga zilizonasa kwenye vichujio, na formalini inakiharibia kazi. Ukivichanganya, umepoteza nusu ya jibu. Na hivyo vyote vilikuwa vinasafiri kwenda Afrika Kusini, na aliyepaswa kuvipeleka kwenye kampuni ya usafirishaji ni sisi. Tulikabidhiwa ndani ya mfuko wa plastiki mweusi, kama nyama ya mbuzi ya kuchoma. Binti akatazama lebo: umri miaka 25. Nina 52! Nilipendezwa nusu dakika, kisha nikarudi maabara wakabandika nyingine. Soma lebo yako kabla hujaondoka pale. Jina, umri, tarehe, upande wa figo.

Waliniahidi siku 10. Majibu yalikuja siku ya 24.

Bei nitaisema yote kwa mara moja, kwa sababu kwangu ilitajwa kidogo kidogo mpaka nikapoteza hesabu: vipimo vya damu 40, biopsi pamoja na ekografi 150, sindano 45, kitanda cha usiku 25, maabara ya nje na usafirishaji 220. Dola 480. Kwa bei yangu ya gauni la kawaida hayo ni magauni arobaini. Likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, ya kina mama wa mtaa ilinipa zamu yangu mapema, bila hiyo nisingeweza. Risiti nilipewa zote, isipokuwa ya msukuma kitanda aliyedai "faranga ya maji". Nilimpa maji.

Na jibu? Karatasi mbili, Kifaransa na Kiingereza vimechanganyika. Nilikaa nazo kwa daktari tukazisoma pamoja. Vichujio 19 vilionekana kwenye vipande vyangu, viwili vimekufa. Nikauliza figo moja lina vichujio vingapi. Kama milioni moja, akasema. Yaani wamehukumu jora zima kwa nyuzi kumi na tisa! Lakini ndivyo ninavyofanya na mimi sokoni: navuta uzi mmoja pembeni, nauchoma kwa kiberiti, nanusa, najua kama ni pamba au nailoni. Isipokuwa mfanyabiashara awe ameshona pamba pembeni na nailoni katikati. Na daktari alikubali kwamba hilo la kipande kutofanana na jora linatokea, ndiyo maana wanataka vichujio visiwe vichache mno.

Sukari ilikutwa ndani. Daraja la IIa, kwa ngazi iliyochapishwa 2010 ambayo inaanzia I mpaka IV: kuta zimenenepa, katikati pametanuka kidogo. Hakukuwa na vinundu vya Kimmelstiel-Wilson. Nikauliza hao ni nani. Ni madaktari wawili walioviandika mwaka 1936, na ukivikuta kwa mwenye sukari, sukari imekwenda mbali. Mimi bado. Halafu kile kichupa cha pili, kile tulichokaribia kukipoteza kwa lebo, kikatoa habari yake: kinga imenasa punje punje kando ya kuta za vichujio, ugonjwa unaoitwa wa utando, ule wa ukuta alionitajia mwanzoni, unaokwenda na hepatiti B.

"Wote wawili wana hatia, mama," daktari akasema. "Lakini aliyevunja mlango ni huyu wa pili."

Sasa nakunywa dawa ya virusi kila siku, dozi imepimwa kulingana na nguvu za figo langu. Nakunywa dawa ya presha ya aina inayopunguza protini kuvuja. Glibenklamidi imeondolewa, nimeingizwa kwenye insulini, na nakiri kujichoma mwenyewe tumboni kulinichukua wiki nzima kuzoea, tofauti na nilivyojisifu hapo juu. Mwezi wa tano 2025 protini ilikuwa gramu 2.3. Kreatinini imebaki 1.4, haijashuka. Viatu vinaingia. Sijapona, na daktari hajaniambia nitapona. Ameniambia mashine ya kusafisha damu imesogea mbali kidogo.

Wameshakuja watu watatu kibandani kuniuliza, wote wana sukari, wote wanataka na wao "wakakatwe uzi". Mmoja ana sukari ya miaka 18, jicho moja limeshatibiwa, protini yake imepanda taratibu tangu zamani. Nilimwambia asiuze mbuzi wake kwa ajili hiyo, amwulize daktari wake kwanza: biopsi itabadilisha dawa gani? Akipewa jina la dawa au la ugonjwa unaoshukiwa, aende. Akiambiwa "tuone tu", abaki na faranga zake anunue insulini. Wa pili ana sukari ya miaka miwili na mkojo wenye damu. Huyo nilimwandikia namba ya miadi mwenyewe. Wa tatu alikuwa mzima kabisa, alikuja kuona kovu. Kovu lenyewe halionekani, ni nukta ndogo kuliko tundu la kifungo cha shati la mtoto.

Kuhusu lile pazia: mwezi wa kwanza nililishona, kitenge cha maua ya njano, upindo wa sentimita kumi, pete za chuma, nikampelekea muuguzi mkuu bila kudai kitu. Kontroli ya mwezi wa tano nikachungulia kile chumba. Lipo. Wamelitundika kichwa chini, maua yote yanatazama sakafu, na nimewaambia mwezi wa nane nitakuja na ngazi yangu.